Kumpa panya kisukari kwa streptozotosini, hatua kwa hatua

Kosa langu la kwanza na streptozotosini, dawa tunayoitumia kuwaletea panya wa maabara kisukari, halikuwa la hesabu wala la sindano. Bafa ya sitrati, kimiminika kinachoshikilia kiwango cha asidi, ilikuwa imeisha, rafuni kulikuwa na bafa ya fosfeti yenye pH 7.4, nikaona bafa ni bafa. Nikayeyusha unga, nikaweka chupa mezani, simu ikaita. Nilirudi baada ya dakika 40 hivi, nikawachoma panya 10 kwa utaratibu mzuri kabisa. Siku ya tatu, 3 walikuwa na sukari ya juu na 7 walikuwa wazima kama jana yake. Nikaandika daftarini kwamba panya wa kundi lile ni sugu. Hawakuwa sugu. Niliwachoma mabaki ya dawa iliyokwisha kuvunjika.

Ndiyo maana mwongozo huu unaongea zaidi habari za saa kuliko habari za dozi. Dozi utaikuta katika kila makala ya utafiti, imeandikwa kwa herufi safi. Kisichoandikwa ni muda: dawa ilikaa majini muda gani, mnyama alikaa na njaa muda gani, usiku wa kwanza nani alikuwa macho, na tiba inayojaribiwa ilianza lini.

Dawa inavyofanya kazi

Streptozotosini ni sukari yenye sumu mgongoni. Nusu yake ni glukosi, na kwenye glukosi hiyo imening'inia nitrosourea, kundi la kemikali linaloharibu DNA. Seli za beta za kongosho, zinazotengeneza insulini, zina mlango wa glukosi unaoitwa GLUT2, na mlango huo haumtambui mgeni: unaona glukosi, unafunguka. Ikishaingia, dawa inabandika vikundi vya methili kwenye DNA. Seli inaamsha kimeng'enya cha kukarabati, PARP, ambacho hutumia NAD+, molekuli ambayo seli huihitaji kuzalisha nishati, kwa pupa hadi akiba inakauka, ATP (nishati yenyewe ya seli) inakatika, na seli inakufa. Kwa maneno mengine, inakufa ikijitibu.

Mambo mawili yanafuata hapo, na yote utayahitaji mbele. La kwanza, glukosi na streptozotosini hugombea mlango uleule. Panya aliyeshiba ana kinga ya bure. La pili, GLUT2 ipo pia kwenye ini na kwenye mirija ya figo, kwa hiyo figo za panya wako zitaguswa na dawa yenyewe hata kabla kisukari hakijazifikia.

Kuna aloksani pia, dawa nyingine ya kuleta kisukari, na ndiyo ya kwanza kihistoria. Mwaka 1943, Dunn na wenzake huko Glasgow walikuwa wakichunguza madhara ya figo, wakawachoma sungura aloksani, wakakuta visiwa vya Langerhans, vile vikundi vya kongosho vyenye seli za beta, vimekufa. Yenyewe haibandiki kitu kwenye DNA. Inazalisha viini huru vya oksijeni ndani ya seli na kuzuia glukokinesi, kimeng'enya ambacho seli ya beta hukitumia kupima sukari. Tatizo lake ni kwamba katika joto la mwili na pH 7.4 nusu yake hutoweka kwa takriban dakika moja na nusu, na umbali kati ya dozi inayoleta kisukari na dozi inayoua ni mfupi mno. Baadhi ya panya hupona wenyewe baada ya wiki kadhaa, na mtafiti asiye makini ataipa dawa yake sifa hiyo. Naitumia kwa sungura tu, kwa sababu sungura hawaathiriki vizuri na streptozotosini. Simbilisi waache kabisa; dawa zote mbili haziwafai.

Kabla ya kugusa unga

Kibali cha kamati ya maadili kwanza, na kisiwe cha kubandika ukutani. Tangu Russell na Burch walipoandika mwaka 1959 juu ya kubadilisha, kupunguza na kuboresha, kila kamati inayojiheshimu itakuuliza maswali matatu: kwa nini lazima mnyama hai, kwa nini idadi hii, na utajua vipi kwamba mnyama ameteseka vya kutosha na sasa basi. Swali la tatu lijibu kwa namba. Mimi huandika hivi: panya aliyepoteza asilimia 20 ya uzito wake wa kuanzia, au anayelala kizimbani bila kuitikia akiguswa, anaondolewa kwenye jaribio na kufishwa kwa njia iliyoidhinishwa siku hiyohiyo. Ukiandika "mnyama akidhoofika sana", usiku wa manane utakuta unajadiliana na nafsi yako.

Idadi ya wanyama ikokotoe ukijua kwamba baadhi hawatashika kisukari na wachache watakufa. Ukihitaji 8 kwenye kila kundi mwishoni, usianze na 8.

Usalama wako uko hapohapo. Streptozotosini inashukiwa kusababisha saratani kwa binadamu, na unga wake ni mwepesi kupeperuka. Pima ndani ya kabati la kufyonza hewa, ukiwa umevaa glavu mbili, koti, miwani na barakoa. Mjamzito asiushike. Usirudishe kifuniko kwenye sindano iliyotumika. Ndivyo wengi wanavyojichoma.

Kuchagua modeli

Amua kwanza unataka kisukari kipi, ndipo uchague dozi.

Kama unataka upungufu mkubwa wa insulini, wa haraka, toa dozi moja kubwa. Kwa panya wakubwa (kwa Kiingereza rat) wa nasaba, yaani koo za maabara, kama Wistar na Sprague-Dawley, miligramu 40 hadi 65 kwa kila kilo ya uzito. Kwa panya wadogo (mouse), 150 hadi 200 kwa kilo, karibu mara tatu, kwa kuwa wanastahimili zaidi.

Kwa panya wadogo ipo njia ya dozi ndogo nyingi, iliyoelezwa na Like na Rossini mwaka 1976: miligramu 40 hadi 50 kwa kilo, kila siku kwa siku 5 mfululizo. Hapa sukari hupanda polepole kwa wiki mbili au tatu, na katika nasaba zinazoitikia chembe za kinga huvamia visiwa vya kongosho, jambo linalokaribia zaidi aina ya 1 ya binadamu. Sumu ya jumla ni ndogo, vifo ni vichache. Nikiwa na nafasi ya kuchagua, naichagua hii.

Kwa sura ya aina ya 2, walishe panya wakubwa chakula chenye mafuta mengi kwa wiki 2 au zaidi hadi miili yao ianze kupuuza insulini, kisha toa dozi ndogo ya 30 hadi 35 kwa kilo ili kongosho lichoke bila kufa lote. Masiello na wenzake mwaka 1998 walileta njia nyingine: nikotinamidi, aina ya vitamini B3, miligramu 230 kwa kilo, dakika 15 baadaye streptozotosini 65. Nikotinamidi inarudisha sehemu ya NAD+, hivyo seli nyingi zinanusurika na sukari inapanda kwa kiasi tu. Ni modeli nzuri, lakini itumie ukijua kwamba kisukari chake ni chepesi.

Wanyama

Chukua madume. Majike hustahimili dawa hii, homoni ya estrojeni ikiwa mlinzi wao mkuu. Ukichanganya jinsia bila mpango utapata matokeo yasiyofanana na hutajua kwa nini. Kama swali lako linahusu majike, watumie, ila tafuta dozi yao kwa jaribio dogo kwanza.

Umri uwe wiki 8 hadi 10, uzito uwe unakaribiana. Wape angalau wiki moja kuzoea chumba na mikono yako. Panya mwenye hofu ana sukari ya juu kwa sababu ya hofu tu, na utakuwa unapima woga. Kwa panya wadogo nasaba ni jambo zito: C57BL/6 na CD-1 huitikia vizuri, BALB/c ni wagumu. Dozi uliyoisoma kwenye makala ya nasaba moja usiihamishie nasaba nyingine kwa imani.

Siku ya sindano waondolee chakula, maji wabaki nayo. Panya wadogo saa 4 hadi 6 zinatosha. Wakubwa saa 6 hadi 8. Wako wanaowaacha usiku kucha, lakini panya hula usiku, kwa hiyo njaa ya usiku kwao ni njaa kamili na inapunguza mwili. Badilisha maranda ya kizimba unapoondoa chakula, la sivyo watakula makombo yaliyojificha humo nawe utaandika kwamba walikuwa na njaa.

Bafa

Unahitaji sitrati ya 0.1 M yenye pH 4.5. Yeyusha gramu 2.1 za asidi sitriki yenye molekuli moja ya maji katika mililita 100 za maji safi. Katika chombo kingine, gramu 2.94 za sitrati ya sodiamu yenye molekuli mbili za maji, pia mililita 100. Changanya ukianza na asidi iliyo kidogo zaidi ya nusu, halafu ongeza sitrati taratibu huku mita ya pH ikisoma, hadi 4.5. Chuja kwa kichujio cha mikromita 0.22, weka kwenye barafu.

Asidi hii si urembo. Kwenye pH 4 hadi 4.5 na ubaridi, streptozotosini inatulia. Ukiipandisha pH kuelekea 7, inavunjika mbele ya macho yako, wakati mwingine kwa viputo vinavyoonekana. Myeyusho mzuri ni angavu, hauna rangi au ni wa manjano hafifu. Ukiona kahawia, mwaga kwenye taka za kemikali na uanze upya.

Hesabu, kuyeyusha na kuchoma

Unga hukaa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, gizani, na vidonge vya kufyonza unyevu. Utoe, uache chupa ifikie joto la chumba kabla ya kufungua. Ukifungua ikiwa baridi, unyevu wa hewa utatua juu ya unga, na siku ya kuharibika kwake imeanza.

Sasa hesabu. Njia yangu ni kutengeneza myeyusho ambao kila panya anapata ujazo uleule kwa kila gramu 100. Tuseme dozi ni miligramu 55 kwa kilo na ujazo ni mililita 2.5 kwa kilo. 55 ukigawa kwa 2.5 unapata 22, kwa hiyo myeyusho uwe miligramu 22 kwa mililita. Panya wa gramu 240 anapata 0.24 × 2.5, yaani mililita 0.60. Hakiki kinyume: 0.60 × 22 ni 13.2, na 0.24 × 55 ni 13.2. Namba mbili zikikutana, endelea. Panya 6 wa uzito huo wanahitaji mililita 3.6; tengeneza 4, maana yake miligramu 88 za unga.

Usiyeyushe za wote kwa pamoja. Pima unga mkavu mapema kwenye vichupa vyeusi, au vilivyofungwa foili, kila kimoja kikitosha panya 6. Mwenzako amshike panya wa kwanza, ndipo umimine bafa baridi kwenye kichupa cha kwanza, utikise hadi unga upotee, na saa ianze. Una dakika 10 hadi 15. Kichupa kikibaki baada ya hapo, hakitumiki, hata kama kimebaki nusu na bei yake inakuuma.

Wapo wanaofanya kinyume kwa makusudi. Streptozotosini ina maumbo mawili, alfa na beta, na uwiano wake hubadilika baada ya kuyeyuka hadi utulie. Wao huiacha kwenye sitrati takriban saa 2 ili kila mnyama apate mchanganyiko uleule. Hoja yao ina mashiko. Ubaya ni kuchanganya njia mbili: wa asubuhi dakika 5, wa mchana saa 2. Shika moja na uiandike.

Kuchoma tumboni: panya ashikwe imara, kichwa kikielekea chini kidogo ili matumbo yateleze upande wa kifua. Ingiza sindano ya geji 25 kwenye robo ya chini ya kulia ya tumbo, kulia kwa panya, kwa pembe ya nyuzi 30 hivi; upande wa kushoto mara nyingi ndiko iliko sekamu, mfuko wa mwanzo wa utumbo mpana. Vuta bomba kidogo kabla ya kusukuma. Ukivuta maji ya kijani umeingia utumboni, ukivuta damu umegusa mshipa. Toa, badilisha sindano, anza upya. Mshipa wa mkia unaleta matokeo yenye kufanana zaidi, ila unahitaji mkono uliozoea.

Kundi linganishi lichomwe bafa tupu, ujazo uleule, njaa ileile, mkono uleule. Lisikae tu kizimbani likitazama.

Usiku wa kwanza

Hapa ndipo wanyama wengi hupotea, na wengi hupotea kwa uzembe. Sukari ya damu hupita vipindi vitatu. Saa moja au mbili baada ya sindano inapanda. Kisha seli za beta zinazokufa zinamwaga insulini yote iliyokuwa ghalani, na kuanzia saa ya 4 hadi ya 8, wakati mwingine hadi siku ya pili, sukari inaporomoka. Baada ya hapo inapanda na kubaki juu.

Kile kipindi cha katikati kinaua. Panya anakunja mgongo, manyoya yanasimama, ukimgusa ni baridi; baadaye anatetemeka au kulala ubavu huku miguu ikipiga hewani. Kinga ni rahisi: rudisha chakula mara baada ya sindano, na kwa saa 24 hadi 48 weka glukosi ya asilimia 5 hadi 10 kwenye chupa ya maji. Aliyeanza kutetemeka hatainuka kunywa. Mchome glukosi yenye joto la mwili tumboni au chini ya ngozi kama kibali chako kinavyoruhusu. Panga zamu. Mtu awapitie saa ya 6, ya 12 na ya 24, akiwa na tochi nyekundu na fomu ya kujaza.

Kwa saa 48 za mwanzo mkojo na maranda yahesabu kuwa yana dawa. Fungia kwenye mifuko ya taka hatari, na anayesafisha vizimba ajue, maana mara nyingi yeye ndiye asiyeambiwa.

Nani ana kisukari

Pima saa 72 baada ya sindano, rudia siku ya 7. Tone la damu kutoka ncha ya mkia linatosha kwa mashine ya kawaida ya kupima sukari. Futa tone la kwanza, tumia la pili. Pima saa ileile ya siku, na uandike kama panya alikuwa amekula.

Kiwango cha kumkubali kiamue kabla ya kuanza. Kwa panya wakubwa wengi hutumia 13.9 mmol/L, sawa na 250 mg/dl, kwa mnyama mwenye njaa. Kwa aliyekula, 16.7 mmol/L, yaani 300 mg/dl. (Zidisha mmol kwa 18 upate mg.) Kwa njia ya dozi ndogo nyingi usihukumu siku ya tatu, ngoja wiki mbili. Mashine nyingi zinakoma 33.3 mmol/L na kuandika "HI". Hiyo si namba. Usiijaze kama 33.3 kwenye jedwali ukidhani umemaliza. Peleka plazma ipimwe kwa njia ya kimeng'enya.

Aliyekosa kushika usimchome tena siku iliyofuata ili tu kundi litimie. Mtoe, na idadi yake ionekane kwenye ripoti.

Kuishi nao

Panya mzima wa gramu 250 hunywa mililita 25 hadi 30 kwa siku. Mwenye kisukari anapita 100, na yote yanatoka. Ukikuta kizimba kimelowa asubuhi mpaka maranda yananata mkononi, hujakosea, umefanikiwa. Ila sasa una kazi ya kubadilisha maranda kila siku, pengine mara mbili, la sivyo miguu inachubuka na amonia inawaunguza macho. Weka chupa mbili kwa kila kizimba. Ikikauka usiku, kesho una mnyama aliyekaukiwa na vipimo vya damu visivyo na maana. Pima uzito angalau mara mbili kwa wiki.

Jaribio la wiki nyingi halitafika mwisho bila insulini kidogo kwa wale walioungua sana: kwa kawaida yuniti 1 hadi 2 za insulini ya muda mrefu chini ya ngozi, kiasi cha kuwafanya waishi bila kushusha sukari hadi kawaida. Wape wote au kwa kanuni iliyoandikwa, si kwa huruma ya siku hiyo.

Tiba inaanza lini

Kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye miswada ninayoletewa kusoma ni hili: dondoo la mmea limetolewa siku 7 kabla ya streptozotosini, panya hawakushika kisukari, na mwandishi anatangaza tiba. Mmea ule huenda ulizima viini huru, au ulizuia mlango wa GLUT2, au uliharakisha figo kuitoa sumu. Umemkinga panya na streptozotosini. Mgonjwa wa kawaida wa kisukari hakuupata ugonjwa wake kwa streptozotosini.

Kwa hiyo thibitisha kisukari kwanza, ngoja sukari itulie angalau siku 7, gawanya wanyama kwa bahati nasibu huku wastani wa sukari ukilingana kati ya makundi, ndipo tiba ianze. Weka kundi linalopewa dawa inayojulikana. Kwa dozi moja kubwa, ambapo seli za beta karibu zimeisha, dawa hiyo ni insulini. Glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, hufanya kazi kwa kuikamua seli ya beta insulini yake, na hapo hakuna cha kukamua. Ukiona glibenklamidi imeshusha sukari vizuri kwenye modeli yako, umejifunza kwamba seli nyingi zilinusurika.

Kama unachunguza figo, acha wiki 2 hadi 3 zipite ili madhara ya dawa yenyewe yapungue kabla hujaanza kuhesabu madhara ya kisukari. Mwishoni kata kongosho, lipake rangi ya kingamwili dhidi ya insulini, ulinganishe na la kundi la bafa. Visiwa vikionekana vidogo, vimesinyaa, na rangi imebaki kwenye seli moja moja, unajua kilichotokea.

Kwenye ripoti andika nasaba, jinsia, umri, saa za njaa, kampuni na namba ya toleo la unga, pH ya bafa, dakika kati ya kuyeyusha na kuchoma, njia ya sindano, waliokufa na siku waliyokufa, walioshindwa kushika, na aliyepewa insulini. Mwongozo wa ARRIVE wa kuripoti tafiti za wanyama, uliotoka mwaka 2010 na kuhuishwa mwaka 2020, unadai mengi ya hayo. Dakika za kuyeyusha hadi kuchoma mimi huziandika kwa kila panya peke yake, safu ya mwisho kulia, tangu ile siku ya simu.